Kurasa za Asili za Katuni za Majabari: Habari ya Ukusanyaji Wake, kutoka Lamu hata Mikese

Mikese ni mji mdogo ulio katika reli ya kati, mashariki ya Morogoro, mahali ambapo vilima vya Uluguru hushuka kuelekea upande wa Ngerengere. Tangu zamani ni mahali pa kupitia. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 katika safari yake ya kumtafuta Livingstone, kabla ya kufika Simbamwene, mji wa Kisabengo. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907. Na katika vita vya 1914 hata 1918 mizigo mingi ya jeshi la Waingereza liliyokuwa likielekea Rufiji ilishushwa hapo. Yeyote apendaye kujua namna Kiswahili kilivyoenea katika nchi ya Waluguru hana budi kuzitazama njia hizi. Wapagazi wa misafara, mafundi wa reli na vibarua wa mashamba ya mkonge walikitumia katika kazi zao, na nyuma yao ikafuata karatasi iliyochapwa: Mambo Leo kuanzia mwaka 1923, gazeti la Uhuru kuanzia mwaka 1961, na magazeti ya hadithi za picha ambayo watu wengi huyaita katuni, na wengine vibonzo.

Juu ya lugha ya katuni hizo yamekwisha kuandikwa mambo kadha wa kadha. Rose Marie Beck alizichunguza katika makala ya mwaka 1999, na Jigal Beez akaendelea na kazi hiyo katika miaka iliyofuata. Lakini uchunguzi wa namna hiyo hutegemea nakala zilizochapwa, na jambo moja limeachwa nyuma, nalo ni habari ya ukurasa wa asili, yaani ile karatasi yenyewe aliyoichora mchoraji kwa penseli na wino kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Katika nchi nyingine karatasi hizo hutafutwa kwa bidii, hasa zile za majabari, mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Katika Afrika Mashariki hazikutafutwa. Sababu ya tofauti hiyo ni jambo linalowahusu wataalamu wa Kiswahili, kwa kuwa wao wenyewe wana desturi ya kukusanya kurasa za mashujaa, tena ya miaka mingi kuliko ile ya Wamarekani.

Yafaa kwanza kueleza ukurasa wa asili ni kitu gani. Katika magazeti ya majabari ya Marekani kazi hugawanywa: mmoja huchora kwa penseli, wa pili hupitisha wino, wa tatu huandika maneno ndani ya viputo, na rangi hutiwa mwisho na mtu mwingine, tena si juu ya karatasi ile bali juu ya nakala yake. Kwa hiyo ukurasa wa asili kwa kawaida ni mweusi na mweupe tu. Tena ni mkubwa kuliko ule wa gazeti. Hata karibu na mwaka 1967 wachoraji wa huko walitumia karatasi ambayo mchoro wake ulikaribia mara mbili ya ule wa gazeti kwa urefu na kwa upana. Baadaye kipimo kikapunguzwa kuwa mara moja na nusu. Mchoro ulipigwa picha, ukapunguzwa, ukachapwa. Pambizoni mwake huonekana maagizo ya mhariri, namba za kurasa, mihuri, rangi nyeupe iliyofunika makosa, na vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya maneno yaliyobadilishwa.

Wachapishaji wenyewe hawakuvithamini vitu hivi. Kwa miaka mingi ukurasa uliokwisha kuchapwa ulihesabiwa kuwa takataka ya kazini: baadhi zilikatwakatwa, baadhi zikatolewa zawadi kwa wageni, nyingine zikatoweka katika maghala bila ya mtu kuulizwa. William Gaines, mchapishaji wa magazeti ya kutisha ya miaka ya 1950, alikuwa mmoja wa wachache waliozihifadhi, na kurasa zake zikaja kuuzwa kwa mnada baada ya miaka mingi. Kampuni kubwa zilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao katika miaka ya 1970, na hapo ndipo ilipoonekana wazi ni kiasi gani kilichopotea. Jack Kirby, aliyeshirikiana na Stan Lee kumbuni Chui Mweusi, mfalme wa Wakanda, aliyetokea kwanza mwaka 1966, alidai kurasa zake kwa miaka. Alipokubaliwa mwaka 1987 alirudishiwa karibu 2,000, nazo ni sehemu ndogo tu ya kazi aliyoifanyia kampuni ya Marvel.

Baadaye fedha iliingia, na bei zikapanda kupita kiasi. Mwaka 2022 ukurasa mmoja uliochorwa na Mike Zeck kwa ajili ya gazeti la mwaka 1984, uonyeshao asili ya vazi jeusi la Spider-Man, uliuzwa mnadani kwa dola za Marekani milioni 3.36. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Paris, mchoro wa rangi ambao Hergé aliutengeneza mwaka 1936 kwa jalada la kitabu cha Tintin ulinunuliwa kwa euro milioni 3.2. Mchoro huo haukutumika, kwa kuwa kuuchapa kulikuwa ghali. Ulikunjwa, ukakaa katika droo ya nyumba ya mchapishaji, na alama za mikunjo zingali zikionekana. Wenye kuwacheka matajiri kwa kutoa fedha nyingi hivyo wana haki yao. Lakini itazamwe pia zawadi ya mwaka 2008: mtu asiyetaka kutajwa jina aliipa maktaba ya bunge la Marekani kurasa 24 za Steve Ditko za gazeti la mwaka 1962 ambamo Spider-Man alitokea mara ya kwanza. Kama karatasi hizo zisingalipitia mikono ya wakusanyaji, maktaba hiyo isingalipata kitu cha kupewa.

Je, Waswahili hawakuwa na jabari aliyefaa kukusanywa? Walikuwa naye zamani sana. Fumo Liyongo, mpiga upinde wa Pate na Ozi, asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa msumari wa shaba uchomwao kitovuni, ana kila sifa anayopewa jabari wa magazeti: nguvu ya ajabu, siri moja ya kifo chake, na msaliti wa ndani. Hadithi yake ilichapwa na Edward Steere mwaka 1870. Utenzi wake uliandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Na habari ya Kijuma yafaa sana hapa, kwa sababu alikuwa fundi wa kurasa. Alichonga mbao, alijua ngoma na mashairi, na aliandika miswada kwa hati ya Kiarabu nzuri mno, yenye kurasa za mwanzo zilizopambwa kwa nakshi za rangi. Wanunuzi wake walikuwa wataalamu wa Ulaya: Alice Werner, William Hichens, na Ernst Dammann aliyekaa Lamu katika miaka ya 1936 na 1937. Kijuma alilipwa, na mara nyingine aliuandika utenzi mmoja mara nyingi kwa wanunuzi mbalimbali. Kwa ajili hiyo miswada yake ingaliko London na Ujerumani, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke waliweza kutoa kitabu kizima cha maandishi yake.

Asiseme mtu, basi, kwamba kununua kurasa za mashujaa ni tabia ngeni katika uwanja wa Kiswahili. Tofauti yake na mnada wa leo ni kwamba mnunuzi alikuwa mtaalamu, na bei ilikuwa ndogo. Kamati ya lugha iliyoanza mwaka 1930, ambayo hatimaye iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, iliendeleza desturi hiyo. J. W. T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada na kunasa sauti, na orodha ya vitu vilivyowekwa katika maktaba ya chuo ilichapwa mwaka 1970. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Lakini mtego wake ulitegwa pwani, na kwa haki, kwa kuwa huko ndiko miswada ilikokuwa ikiliwa na mchwa. Mji kama Mikese haukuwa na sanduku la tenzi la kufunguliwa. Masimulizi ya Uluguru, kama yale ya Kisabengo au ya akina Kingalu wa Kinole waliosifiwa kwa uwezo wao juu ya mvua, yalikaa midomoni mwa watu, tena kwa sehemu kubwa katika Kiluguru. Maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa na watu wa kituoni na wa mashambani yalikuwa magazeti, na magazeti hayakuhesabiwa kuwa miswada.

Katika magazeti hayo majabari hasa walikuwa wachache. Juha Kalulu wa Edward Gicheri Gitau, aliyeanza kuchorwa Kenya katika miaka ya 1950 na kuendelea kwa zaidi ya nusu karne, ni mjinga, kama jina lake lisemavyo. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, alichekesha wasomaji wa siku za Azimio. Jabari wa kisasa alikuja kwa njia ya picha za kamera: Lance Spearman, mpelelezi wa gazeti la African Film, na Fearless Fang wa gazeti la Boom, waliosomwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alifuata mtindo huo kwa Kiswahili katika Film Tanzania. Huko Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Terry Hirst alitoa mfululizo ulioitwa Pichadithi, jina lililounganishwa kwa ustadi kutokana na picha na hadithi, na ndani yake akamchora Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ulikuwa katika kivuli. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kufariki huko mwaka 2012, alimbuni Akokhan, mtu wa nguvu za uchawi. Huyu ndiye aliye karibu zaidi na majabari wa Marekani.

Tanzania ilichagua njia nyingine, na pengine iliyo bora. Gazeti la Sani, ambalo jina lake lilitokana na silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake, Said Bawji na Nicco ye Mbajo, lilipendwa sana katika miaka ya 1980, na mchoraji wake mashuhuri alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki kijana mwaka 1986. Watu wake ni Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe, Madenge na Pimbi. Hakuna hata mmoja arukaye angani. Majina yenyewe ni somo la lugha: ndumilakuwili ni nyoka wa methali aumaye kotekote, lofa ni neno la Kiingereza lililokwisha kuwa la Kiswahili kwa maana ya mtu asiye na kazi wala mali, pimbi ni mnyama mdogo wa mawe. Nguvu ya mashujaa hawa ni ulimi. Hushinda, au hushindwa, kwa maneno, na kwa hiyo kiputo cha maneno katika kurasa zao kina uzito kuliko msuli katika kurasa za Kirby.

Hapa ndipo thamani ya ukurasa wa asili kwa mtaalamu wa lugha inapoonekana. Nakala iliyochapwa huonyesha neno la mwisho lililokubaliwa. Ukurasa wa asili waweza kuonyesha jinsi lilivyofikiwa. Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mchoraji ameandika kwa penseli neno la mtaani la kumwita msichana. Kabla ya kupitisha wino amelifuta akaandika binti. Kisha mhariri amebandika kipande cha karatasi na kuandika dada. Msomaji wa gazeti aliona dada tu, na mwandishi wa kamusi atakayetumia gazeti lile kama ushahidi atasema kwamba mtindo wa Dar es Salaam wa wakati huo ulikuwa dada. Mwenye kuushika ukurasa wa asili, akiuinamisha kwenye mwanga, ana maneno matatu, na mpangilio wake, na mikono miwili iliyoyaandika. Hili ni jambo lile lile afanyalo mhariri wa utenzi anapolinganisha miswada miwili ya Kijuma na kuona beti zilizogeuzwa. Kazi ni moja. Karatasi ndiyo iliyobadilika.

Ziko pia ishara ambazo wino wa chapa huzimeza. Ukubwa wa herufi ndani ya kiputo huonyesha mahali pa kukaza sauti. Penseli isiyofutika vizuri huonyesha kwamba kiputo kilichorwa kwanza na maneno yakaminywa ndani yake baadaye, na hapo hueleweka kwa nini sentensi imekatwa na kiunganishi kimeangushwa. Wachunguzi waliotazama nakala tu wameweza kudhani kwamba ufupi ule ni sifa ya usemi wa mitaani, ilhali mara nyingine ni sifa ya nafasi.

Sababu za kutokusanywa kwa kurasa hizi si za ajabu. Katika miaka ya 1980 karatasi na wino vilikuwa haba Tanzania, na ofisi ya gazeti haikuwa mahali pa kuweka kumbukumbu. Mnunuzi wa kurasa hakuwapo, wala hapakuwa na Dammann wa katuni. Wataalamu, kwa upande wao, waliona aibu kidogo juu ya katuni. Walizihesabu kuwa mchezo wa vijana na mwalimu mbaya wa Kiswahili sanifu, hali taasisi zao zilikuwa na wajibu wa kukijenga Kiswahili hicho hicho. Mtu asikusanye kitu anachokionea haya. Jambo hili laweza kusameheka, lakini hasara yake ni ile ile. Tena liko suala la mali. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtungaji katika haki ya kazi yake, lakini karatasi yenyewe ni kitu kingine. Mtu aweza kuwa na ukurasa asiwe na haki ya kuuchapa, na mrithi wa mchoraji aweza kuwa na haki ya kuchapa asiwe na ukurasa hata mmoja. Taasisi itakayoanza kupokea kurasa yapasa iandike mambo hayo mawili mbalimbali tangu siku ya kwanza, isije ikajikuta katika ugomvi kama ule wa Kirby.

Katika mji kama Mikese fungu la nakala lilikuwa jingine kabisa. Gazeti la katuni katika miji ya njiani husomwa na watu wengi kuliko walionunua. Hupita kutoka mkono hata mkono, hufunikia madaftari ya shule, na mwisho hufungia maandazi. Ndiyo sababu hata nakala zilizochapwa za miaka ya 1980 zimekuwa adimu, na kwa gazeti lililopotea kabisa ukurasa wa asili, ukipatikana, ungekuwa nakala pekee. Mkusanyaji wa Marekani ana gazeti lililochapwa kwa maelfu mengi la kulinganisha na ukurasa wake. Mkusanyaji wa Tanzania huenda asiwe na kitu cha kulinganisha ila kumbukumbu za watu.

Kumbukumbu hizo zingaliko, na zina njia yake ya kutumika. Waliokuwa vijana wa shule Mikese, Ngerengere au Morogoro wakati Madenge alipokuwa mpya ni wazee wa makamo sasa. Ukurasa uliopatikana Dar es Salaam, hata picha yake tu, waweza kupelekwa kwao na kuulizwa maswali ambayo mchoraji mwenyewe asingaliweza kuyajibu: neno hili lilisemwa hapa, au lilijulikana kwa gazeti tu? Mzaha huu ulichekwa na Waluguru wa mlimani, au na watu wa kituoni peke yao? Lodilofa alisomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na msomaji aliyatia maneno gani ya kwake? Allen aliwauliza wenye miswada wa pwani maswali ya jinsi hiyo, na majibu yao mara nyingine yalikuwa na faida sawa na mswada.

Kazi hii ina mpaka wa wakati. Mwaka 2010 lilianza Kenya gazeti la Shujaaz, lililogawiwa bure, ambalo jina lake limechukua shujaa wa Kiswahili likamtia kiambishi cha wingi cha Kiingereza kwa namna ya Kisheng. Na tangu hapo wachoraji wengi zaidi wa Afrika Mashariki wamezoea kuchora katika kompyuta, ambamo neno lililofutwa halina penseli ya kubaki. Kurasa za asili zitakazokusanywa ni zile zilizokwisha kuchorwa, za wino juu ya karatasi, na zilizo nyingi kati yake, kama zipo, zimo katika nyumba za wachoraji na za jamaa zao, ndani ya bahasha na chini ya vitanda, pamoja na stakabadhi na picha za arusi.